Hesabu ya Sokoni na Hesabu ya Ubaoni: Jinsi Watoto wa Mpakani Wapimwavyo

Afikaye Busia kutoka Kisumu, au Malaba kutoka Eldoret, hakosi kuwaona watoto wakiwasaidia mama zao kuuza vitu kando ya barabara, hasa siku za soko na wakati wa likizo. Huyu ana ndizi, yule ana trei ya mayai, na mwingine ameketi nyuma ya rundo la omena waliovuliwa katika ziwa. Upande huu fedha ni shilingi za Kenya, na hatua chache mbele ni shilingi za Uganda. Jina ni moja, lakini thamani ni mbali mbali. Zamani haikuwa hivyo. Mpaka mwaka 1966 nchi za Afrika Mashariki zilitumia shilingi moja, na mchuuzi wa Busia hakuwa na haja ya kubadili cho chote. Tangu kila nchi ilipotoa fedha zake, mtu wa mpakani hana budi kuhesabu mara mbili, na watoto wake vile vile.

Tuseme ni asubuhi, na shilingi moja ya Kenya yabadilishwa kwa shilingi 28 za Uganda. Anakuja mama mmoja kutoka ng'ambo, mkononi ana noti ya Uganda ya shilingi 5,000.

"Mwanangu, yai ni bei gani?"

"Shilingi kumi na mbili za Kenya, mama."

"Nipe saba. Utanirudishia ngapi?"

Mtoto hatafuti kalamu. Anasema kwa sauti ndogo: mia moja ni 2,800, hamsini ni 1,400, hizo ni 4,200, zimebaki 800, ishirini ni 560, zimebaki 240, nane ni 224, zimebaki kumi na sita. Basi noti ile ni shilingi 178 za Kenya. Zile kumi na sita za Uganda anaziacha, kwa maana hakuna sarafu ndogo namna hiyo sokoni. Mayai saba ni 84, na mama anarudishiwa 94. Kazi hii yote haichukui muda wa kufunga mayai katika gazeti.

Sasa mtoto huyo huyo na apewe karatasi yenye maneno haya: gawanya 5,000 kwa 28. Walimu wengi wa mipakani watakuambia yatokeayo. Mtoto anaandika 28 nje, anaandika 5,000 ndani, anapapasa, anasahau sifuri moja au anaweka mahali pasipopasa, na mwisho anatoa jibu ambalo yeye mwenyewe angelicheka kama lingetamkwa na mnunuzi. Mwalimu anatia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Jioni baba anaitazama karatasi, anakata shauri kwamba mtoto hana akili ya shule, na pengine karo na sare za muhula ujao zinakwenda kwa ndugu yake. Kwa hiyo namna ya kumpima mtoto si jambo la walimu peke yao.

Watu wa nchi nyingine wamelichungulia jambo hili kwa makini. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa habari za watoto 5 waliokuwa wakiuza nazi na matunda katika mji wa Recife, nchi ya Brazil. Kwanza walijifanya wanunuzi, wakawauliza bei za vitu mbali mbali. Baadaye waliwapa hesabu zile zile kwa karatasi. Sokoni watoto walipata majibu 98 katika kila 100. Hesabu zilipoandikwa kama hadithi fupi, walipata 74. Zilipoandikwa tarakimu tupu, walipata 37. Watoto ni wale wale, na hesabu ni zile zile.

Mwaka 2025 habari ya namna hiyo ilitolewa kutoka India, ambako Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao waliwapima watoto wafanyao kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi, pamoja na watoto wa shule wasiofanya biashara. Wale wa sokoni walizifanya hesabu ngumu za kuuza na kurudisha chenji bila karatasi, lakini walishindwa na hesabu nyepesi zilizoandikwa kwa namna ya darasani. Na hapa ndipo wazazi wenye kujivunia daftari safi wapasikilize: wale wa shule waliokuwa wepesi kwa karatasi walishindwa na hesabu za sokoni, tena wengi wao waliandika hatua ndefu kwa kalamu pale ambapo mtoto wa sokoni angejibu kwa kichwa. Udhaifu uko pande zote mbili.

Banerjee na Duflo walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na mwenzao wa tatu katika tuzo hiyo, Michael Kremer, anafahamika vizuri Busia. Bwana huyu aliwahi kuwa mwalimu katika Kenya. Katika miaka ya 1990, pamoja na shirika la Kiholanzi liitwalo ICS, yeye na wenzake walianza kuzipima shule za msingi za Busia na Teso kwa njia ambayo wakulima wataielewa mara moja: ni kama kutia mbolea katika shamba moja, kuliacha la pili bila mbolea, kisha kulinganisha mavuno. Mwaka 1996 shule 25 katika 100 zilipewa vitabu vya kiada kwanza. Kila mtu alitazamia alama zipande. Hazikupanda, isipokuwa kwa wale wanafunzi ambao tangu mwanzo walikuwa mbele. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, nacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu. Nyumbani ni Kiteso, Kikhayo, Kisamia au lugha nyingine ya kwao, sokoni ni Kiswahili. Mtoto asiyeweza kusoma sentensi iliyo juu ya hesabu hawezi kulaumiwa kwa kutoifikia hesabu yenyewe. Chati za ukutani nazo zilijaribiwa katika shule 178, nusu zikapewa na nusu zikanyimwa. Tofauti ya alama haikuonekana.

Mwaka 2001 lilijaribiwa jambo jingine, nalo ni zawadi kwa wasichana wa darasa la 6. Msichana aliyekuwa katika 15 bora wa kila 100 katika mtihani wa wilaya alilipiwa shule yake shilingi 500 kwa mwaka, na wazazi walipewa shilingi 1,000 za sare na vifaa, kwa muda wa miaka miwili. Busia alama zilipanda, hata kwa wasichana waliokuwa na tumaini dogo la kushinda. Upande wa Teso mambo yaliharibika. Mwezi wa Juni mwaka huo radi ilipiga shule moja ya msingi, wakafa wanafunzi 7. Baada ya msiba huo baadhi ya wazazi walianza kulishuku shirika, shule kadhaa zikajitoa, na matokeo ya huko hayakuweza kusomwa vema. Watu wasipomwamini anayepima, kipimo chake hakifai kitu, hata kikiwa kimetengenezwa na wataalamu.

Labda ndiyo maana kipimo kiitwacho Uwezo, kilichoanza Kenya mwaka 2009 na kuenea katika Tanzania na Uganda, hakikufanywa shuleni bali nyumbani. Wasimamizi wake hawakuwa wageni. Walikuwa watu wa kujitolea waliochaguliwa katika sehemu zile zile. Katika kila wilaya iliyopimwa vilichaguliwa vijiji 30, na katika kila kijiji nyumba 20. Kila mtoto wa miaka 6 mpaka 16 aliitwa peke yake, awe anakwenda shule au haendi, akapewa kazi za darasa la 2: kutambua tarakimu, kusema ipi ni kubwa, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Katika miaka fulani liliongezwa swali la hesabu za kila siku, la vitu na bei. Matokeo yaliwashtua watu, kwa kuwa walionekana watoto wa madarasa ya juu wasioweza kazi za darasa la 2. Hata hivyo mzazi aliyekuwa ameketi hapo kizingitini alijionea kwa macho yake kazi iliyomshinda mwanawe na ile aliyoiweza, jambo ambalo karatasi ya ripoti haiwezi kumwonyesha.

Mtihani wa darasa la 6 uitwao KPSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, humtaka mwanafunzi achague jibu moja katika majibu aliyopewa. Ni njia nyepesi ya kusahihisha kazi za watoto wengi. Lakini herufi iliyotiwa alama haisemi mtoto alipita njia gani, wala kama alibahatisha.

Mkulima asidhani kwamba hesabu ya kalamu ni ya makarani tu. Tuseme anauza gunia la mahindi la kilo 90 kwa shilingi 3,600. Mchuuzi analipima kwa gorogoro, yapatikana 40, na kila moja anaiuza kwa shilingi 110. Hiyo ni 4,400, maana yake 800 zimekwenda kwake kabla ya gharama za njiani. Na kama gorogoro hiyo imebonyezwa chini ya kitako, kama baadhi yao wanavyofanya, gunia litatoa zaidi ya 40. Kwa kichwa mtu aweza kuuza gorogoro moja na asikosee kamwe. Lakini kujua faida ya msimu mzima, mbegu, mbolea na vibarua, kwahitaji kuandika. Kijana wa Malaba abadiliye fedha kwa wepesi kando ya foleni ya malori hataajiriwa katika ofisi ya wakala wa forodha ikiwa hawezi kuijaza fomu.

Mwalimu anayetaka kumpima mtoto wa mpakani kwa haki aweza kumwuliza hesabu moja kwa njia tatu: kwanza kwa mdomo na vitu mkononi, kisha kwa hadithi fupi katika lugha anayoifahamu, kisha kwa tarakimu. Akiiweza ya kwanza na kushindwa na ya tatu, hana upungufu wa akili. Amepungukiwa na daraja. Na daraja hilo si refu. Mtoto yule wa mayai na aambiwe aandike ubaoni maneno yale yale aliyoyasema kwa mdomo, kila moja chini ya mwenzake: 2,800, kisha 1,400, kisha 560, kisha 224, na pembeni mwake 100, 50, 20 na 8. Mwalimu akiiandika kando yake njia ndefu ya kugawanya, mtoto ataona kwamba 1,400 na 560 zake zikijumlishwa ni 1,960, hatua ya pili ya mwalimu, na zilizobaki chini ni kumi na sita zile zile.