Misingi ya Sheria ya Biashara, Sehemu ya 4: Ol le Njogo Asomwe Kitengela

Oktoba 2023 tingatinga ziliingia Mavoko na kuangusha nyumba zilizojengwa kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Kwa sisi wa Kitengela hilo ni jambo la kwa jirani. Ukivuka mpaka wa kaunti umefika. Baadhi ya waliobomolewa walikuwa na karatasi za mauzo. Miezi miwili kabla ya hapo, Agosti 3, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilikuwa kimekabidhiwa hati yake ili Mkenya asome akiwa kwake, na makao yake ni Konza, si mbali na Kajiado. Magazeti yaliziweka habari hizi mbali mbali. Mimi nazisoma pamoja, kwa kuwa anayekwenda kununua ploti anaweza sasa kujifunza sheria ya mikataba jioni, kwa simu yake, kabla hajatoa hata shilingi ya kwanza.

Wanaofuatilia mfululizo huu wanakumbuka tulikofika. Tumemaliza pendekezo na ukubali, tumeona kwa nini kila upande lazima utoe kitu, na sehemu iliyopita ilihusu nani ana uwezo wa kufungwa na ahadi yake. Leo turudi nyuma hatua moja, kwenye swali ambalo wahadhiri hulipitia mbio: je, karatasi hii ni mkataba kweli, na ipo mahakama itakayoisikiliza?

Mwanafunzi wa masomo ya masafa, awe anajiandaa kwa mtihani wa kasneb au wa stashahada, hukutana na kesi ya Carlill mapema sana. Bibi mmoja wa Uingereza alinunua kifaa cha kuvuta moshi wa dawa, baada ya kampuni kutangaza gazetini kwamba atakayekitumia inavyotakiwa na bado akashikwa na homa ya mafua atalipwa pauni 100. Akakitumia, akaugua. Kampuni ikajitetea kwamba tangazo lilikuwa mbwembwe za biashara. Desemba 1892 Mahakama ya Rufaa iliamua alipwe, maana tangazo lenyewe lilisema pauni 1,000 zimewekwa benki kuthibitisha kwamba hapana mzaha. Ni kesi tamu na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu, na ni wa miaka mingi, ni kwamba kijana anayesomea Kisaju au Isinya anaweza kumaliza kozi akiujua moshi ule vizuri, asiijue kesi iliyogusa ardhi anayoikalia.

Kesi hiyo ni ya Ol le Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Chanzo chake ni Agosti 1904, Kamishna Sir Donald Stewart alipoandikiana makubaliano na Lenana na wazee wengine wa Kimaasai. Wamaasai wangetoka Bonde la Ufa kuwapisha walowezi, wakae katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini, huku kwetu. Waliahidiwa njia ya kuunganisha pande hizo, na uwanja Kinangop kwa sherehe za jando. Waliahidiwa pia kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani.

Haukufika hata miaka saba. Lenana alifariki Machi 1911, na Aprili, wakati wa Gavana Percy Girouard, yakapatikana makubaliano mapya ya kuwahamishia kusini wote wa Laikipia. Legalishu, kiongozi wa huko, alikuwa amepinga uhamisho huo. Upande wake ukapata wakili, Alexander Morrison, na mwaka 1912 kesi ikafunguliwa. Walidai kwamba makubaliano ya 1904 yangali yanaifunga serikali, kwamba ya 1911 hayakuridhiwa na wenye mamlaka ya kuridhia, na kwamba walipwe fidia ya mifugo. Ahadi inayofunga, mamlaka ya mtia sahihi, fidia: hizo ni mada tatu nzima za kozi yenu, na wafugaji wa Laikipia walizifikisha mahakamani bila kupitia darasa lolote.

Mei 1913 Mahakama Kuu iliitupa kesi, na Desemba Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikakubaliana nayo. Majaji hawakufika hata kwenye swali la nani alimdhulumu nani. Walisema nchi hii ilikuwa chini ya ulinzi wa Mfalme, haijawa milki yake. Wamaasai kwa hiyo hawakuwa raia wake. Na walichoandikiana na serikali ni mapatano ya dola kwa dola, ambayo mahakama za nchi haziwezi kuyahukumu. Watu walioswagwa pamoja na ng'ombe wao kama wasio na dola wakaambiwa, siku ya hukumu, kwamba wanayo.

Kumbukeni kwamba wakati huohuo mikataba ya kawaida hapa ilifuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Mwenye duka aliyemkosesha mwenzake magunia ya mchele angeshtakiwa na kulipishwa. Sheria hiyo ilidumu hadi Januari 1, 1961, ilipoanza Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, iliyotuelekeza kwenye sheria ya mikataba ya Uingereza. Ndiko Bibi Carlill alikopitia hadi akaingia madaftarini mwenu.

Wapo walimu wanaoniambia kwamba Ol le Njogo ni somo la historia. Sikubali. Anayejua kwa nini Wamaasai walishindwa amejifunza kuuliza, kabla ya kusoma bei, karatasi ni ya aina gani na itatetewa wapi. Sisi huuliza bei kwanza, tukatafuta wakili baada ya kulipa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa kwetu daftari lipo, msomaji wake ndiye haba.

Nafasi inaniishia na sijagusa ploti. Kwa ufupi, basi. Shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa mwaka 1988, na tangu hapo vipande vimeuzwa vikauzwa tena. Tangu Juni 2003, kifungu cha 3(3) cha Sura ya 23 kinataka mauzo ya ardhi yaandikwe, wahusika wote watie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwepo. Ardhi ya kilimo inahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi, nayo huombwa ndani ya miezi sita; bila hiyo mauzo hubatilika na mnunuzi hubaki kudai fedha zake, ingawa mahakama zimewahi kulegeza. Mwenzi wa muuzaji naye aridhie ikiwa ni mali ya ndoa. Na upekuzi wa hati ufanyike kabla ya malipo.

Zoezi la juma hili: chukua makubaliano yoyote ya mauzo yaliyomo nyumbani mwako. Andika nani alitia sahihi, kwa mamlaka ya nani, na kama shahidi alikuwepo au aliletewa karatasi baadaye. Sehemu ya 5 itahusu uwakala, na nitaanza, mpende msipende, na Lenana: alipotia alama yake mwaka 1904, alikuwa wakala wa nani?