Unene Uliopitiliza na Pampu ya Moyo
Pampu inayopandikizwa kifuani husaidia ventrikali ya kushoto iliyochoka kusukuma damu. Waya wake hupenya ngozi ya tumbo hadi kwenye betri za nje, na hapo ndipo unene uliopitiliza unapoleta shida: mafuta ya tumbo huuchezesha waya, kidonda hakishikani vyema, bakteria hupenya. Hata hivyo, tafiti nyingi hazikuona kwamba wanene hufa mapema zaidi. Kuwanyima pampu kwa unene pekee si haki. Kinachokwama ni kupata moyo mpya: mwongozo wa kimataifa wa 2016 ulishauri uwiano wa uzito na kimo ushuke kwanza hadi 35. Kwa mgonjwa wa Ruanda, wilayani Mbinga, liko swali linalotangulia: umeme ukikatika betri zichajiwe wapi, na kidonda akisafishe nani, ilhali Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam?