Vijimtandao vya Urefu Tofauti na Uelekezaji Usio wa Madaraja: Ufafanuzi kwa Mfano wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna anwani za mtandao wa kompyuta zinavyogawanywa katika mafungu yasiyolingana ukubwa, na namna ruta zinavyotumia mgawanyo huo kuelekeza pakiti. Mfano uliotumika ni mpango wa anwani wa wilaya mbili za Mkoa wa Kagera ambazo awali zilikuwa moja. Hoja kuu ni kwamba thamani ya mbinu hii haiishii katika kubana matumizi ya anwani. Mpango wa anwani unaofuata mpangilio wa njia hupunguza mzigo wa ruta, na unaoupuuza huzaa gharama ambayo hulipwa kwa miaka mingi.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kyerwa ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Karagwe. Mgawanyo wa kiutawala wa namna hii huhamisha watumishi, majalada na mipaka ya kata. Katika ofisi zinazotumia kompyuta, huibua pia swali la kiufundi: ofisi iliyokuwa chini ya Kayanga na sasa ikahesabiwa upande wa Kyerwa, ibaki na anwani zake za zamani au ipewe mpya? Jibu linategemea kuelewa mambo mawili, yaani jinsi anwani inavyogawanywa na jinsi ruta inavyoisoma.

2.0 Usuli wa mfumo wa madaraja

Anwani ya toleo la nne la itifaki ya intaneti, iliyowekewa kanuni mwaka 1981 katika waraka wa RFC 791, ina biti 32. Jumla ya anwani zote zinazowezekana ni 4,294,967,296. Kila anwani ina sehemu mbili: ya kwanza hutambulisha mtandao, ya pili hutambulisha kifaa ndani ya mtandao huo. Katika mfumo wa awali, mpaka kati ya sehemu hizo uliwekwa na daraja la anwani. Daraja A lilitumia biti 8 kwa mtandao, daraja B biti 16, na daraja C biti 24. Kwa hiyo mtandao wa daraja C ulitosha vifaa 254, na wa daraja B vifaa 65,534.

Udhaifu wa mfumo huo upo katika pengo lililo kati ya namba hizo mbili. Taasisi yenye kompyuta 600 haikutoshelezwa na daraja C moja, na ikipewa daraja B ilibaki na zaidi ya anwani 64,000 zisizotumika. Mitandao yote ya daraja B ilikuwa 16,384 tu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilionekana wazi kwamba ingekwisha. Kuzipa taasisi mitandao mingi ya daraja C nako kulijaza majedwali ya njia, kwa kuwa kila mtandao ulihitaji mstari wake katika ruta kuu za dunia.

Mwaka 1985 waraka wa RFC 950 uliruhusu mtandao mmoja kugawanywa kuwa vijimtandao kwa kutumia maski. Mwaka 1993 nyaraka za RFC 1518 na RFC 1519 ziliondoa kabisa madaraja katika uelekezaji. Tangu hapo, mpaka kati ya mtandao na kifaa huonyeshwa na urefu wa kiambishi, unaoandikwa baada ya mkwaju: /22 humaanisha kwamba biti 22 za mwanzo ni za mtandao, na biti 10 zilizosalia ni za vifaa.

3.0 Namna maski inavyofanya kazi

Ruta hupata anwani ya mtandao kwa kulinganisha anwani ya kifaa na maski, biti kwa biti. Pale biti zote mbili zinapokuwa 1, jibu ni 1. Vinginevyo jibu ni 0. Chukulia anwani 172.16.45.150 yenye kiambishi /26, ambacho maski yake ni 255.255.255.192. Namba ya mwisho ya anwani, 150, ni 10010110, na ya maski, 192, ni 11000000. Jibu ni 10000000, yaani 128. Kifaa hicho kimo katika kijimtandao cha 172.16.45.128/26, ambacho kina anwani 64. Anwani ya kwanza hutaja kijimtandao chenyewe na ya mwisho hutumika kwa matangazo, hivyo zinazobaki kwa vifaa ni 62.

4.0 Mfano wa mpango wa anwani

Chukulia kwamba wilaya zote mbili zimetengewa fungu la 172.16.40.0/21 kutoka katika anwani za binafsi. Fungu hilo hugawanyika sawasawa: Karagwe 172.16.40.0/22 na Kyerwa 172.16.44.0/22, kila moja ikiwa na anwani 1,024. Idadi za vifaa katika Jedwali Na. 1 zimewekwa kwa ajili ya ufafanuzi tu.

Jedwali Na. 1: Mgawanyo wa fungu la Kyerwa

Makao makuu ya halmashauri, vifaa 200: 172.16.44.0/24
Hospitali, vifaa 110: 172.16.45.0/25
Kituo cha afya, vifaa 50: 172.16.45.128/26
Shule ya sekondari, vifaa 25: 172.16.45.192/27
Ofisi ya kata, vifaa 10: 172.16.45.224/28
Kiungo cha kwanza cha ruta mbili: 172.16.45.240/30
Kiungo cha pili cha ruta mbili: 172.16.45.244/30

Kama maski ya urefu mmoja ingetumika, ingelazimu iwe /24 ili makao makuu yatosheke. Sehemu saba zingehitaji mafungu saba ya /24, ilhali /22 ina manne tu. Mpango ungeshindikana, ingawa vifaa vyote kwa jumla havifiki 400. Kwa maski za urefu tofauti, sehemu zote saba zimechukua anwani 504, na fungu zima la 172.16.46.0/23 limebaki kwa upanuzi.

Utaratibu wa kugawa una kanuni moja muhimu: huanza na hitaji kubwa na kushuka hadi dogo. Sababu yake ni kwamba kijimtandao lazima kianzie kwenye namba inayogawanyika kwa ukubwa wake. Anayeanza na viungo vidogo huvunja nafasi kubwa katikati, na baadaye hukosa mahali pa kuweka /25 japokuwa jumla ya anwani zilizo wazi inatosha.

5.0 Uelekezaji usio wa madaraja

Faida ya pili hujitokeza nje ya wilaya. Ruta iliyopo Bukoba haihitaji kujua vijimtandao saba vya Kyerwa. Inatosha ijue mstari mmoja, 172.16.44.0/22, unaoelekea Kyerwa. Hali hii inafanana na barua itumwayo Nkwenda kutoka Dar es Salaam: mchambuzi wa mwanzo huangalia mkoa, na kata husomwa na aliye karibu nayo. Ruta iliyo mbali zaidi inaweza kuzijumuisha wilaya zote mbili katika mstari mmoja wa 172.16.40.0/21.

Ujumuishaji huu unahitaji itifaki inayobeba maski pamoja na anwani. Toleo la kwanza la RIP, lililoandikwa mwaka 1988, halibebi maski. Endapo Karagwe na Kyerwa zingeunganishwa kupitia mtandao mwingine, kila upande ungetangaza 172.16.0.0 nzima kuwa ni yake, na ruta ya kati ingepeleka baadhi ya pakiti upande usio sahihi. Toleo la pili la RIP, OSPF na BGP la nne hubeba urefu wa kiambishi, hivyo kasoro hiyo haitokei pale ujumuishaji wa kidaraja unapokuwa umezimwa.

Ruta inapokuta mistari miwili inayolingana na pakiti moja, hufuata yenye kiambishi kirefu zaidi. Kanuni hii ndiyo inayojibu swali la utangulizi. Chukulia ofisi yenye 172.16.42.64/27, iliyo ndani ya fungu la Karagwe, imehamishiwa upande wa Kyerwa bila kubadilishiwa anwani. Pakiti iendayo 172.16.42.70 italingana na 172.16.40.0/22 inayoelekea Kayanga, na pia na 172.16.42.64/27 inayoelekea Kyerwa. Kwa kuwa 27 ni kirefu kuliko 22, pakiti itafika Kyerwa.

Ufumbuzi huo unafanya kazi, lakini una gharama. Kila ofisi inayobaki na anwani ya zamani huongeza mstari katika kila ruta iliyo juu yake. Tena, mstari huo mrefu ukipotea, pakiti hazitakosa njia. Zitafuata /22 hadi Kayanga, na fundi ataanza kutafuta hitilafu mahali isipokuwapo.

6.0 Tahadhari ya mzunguko

Ujumuishaji una hatari yake. Ruta ya Kyerwa ikitangaza /22 nzima huku nusu yake haijatumika, pakiti yenye anwani ya 172.16.46.9 itafikishwa Kyerwa, ambako hakuna kijimtandao chake. Ruta ikiwa na njia ya jumla inayorudi Bukoba, itairudisha huko, na Bukoba itaileta tena Kyerwa, hadi muda wake wa kuishi uishe. Katika kiungo chenye uwezo mdogo, mizunguko hiyo hula nafasi ya kazi halali. Kinga yake ni kuweka katika ruta ya Kyerwa mstari wa 172.16.44.0/22 unaotupa pakiti zote zisizo na njia iliyo mahususi zaidi.

7.0 Hitimisho

Inaweza kuhojiwa kwamba anwani za binafsi, zilizotengwa mwaka 1996 kwa waraka wa RFC 1918, ni nyingi kiasi kwamba hakuna haja ya kuzibana. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa idadi. Kwa anwani za umma hali ni tofauti: AFRINIC, msajili wa Afrika mwenye makao yake Mauritius, aliingia awamu ya pili ya ukomo mwezi Januari 2020, ambapo mgawo mkubwa kabisa ni /22. Hata kwa anwani za binafsi, wingi hautatui tatizo la mpangilio. Wilaya ikimegwa, mpango uliogawa anwani kwa maeneo utamegeka pamoja nayo kwa kubadilisha mistari michache. Uliogawa kwa kufuata nani aliomba kwanza utadai ofisi nyingi zibadilishiwe anwani moja moja. Kwa hiyo inafaa mpango wa anwani wa wilaya upangwe kwa tarafa na kata tangu mwanzo, kila tarafa ikiwa na fungu lake lenye nafasi ya akiba, ili mpaka mpya utakapochorwa uangukie kwenye mpaka wa fungu.