Vilipuzi vya Plastiki: Kwa Nini Sheria Inataka Viwekwe Alama

Vilipuzi vya plastiki ni laini kama unga uliokandwa na hufinyangwa kwa umbo lolote. Majeshi yalivitumia katika Vita vya Pili vya Dunia. Semtex, aina inayojulikana sana, ilibuniwa Chekoslovakia katika miaka ya 1950.

Hatari yake ni kwamba havikuwa na harufu ya kutosha kugunduliwa kwa urahisi. Tarehe 21 Desemba 1988, bomu lililofichwa ndani ya redio ya kaseti lililipua ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Watu 270 walifariki, 11 kati yao wakiwa ardhini.

Baada ya mkasa huo, mataifa yalipitisha mkataba mjini Montreal, Kanada, tarehe 1 Machi 1991. Ulianza kutumika Juni 1998. Unawataka watengenezaji kuchanganya kemikali maalum inayotoa mvuke, ili mbwa wa kunusa na mashine ziweze kuvitambua. Vilipuzi visivyo na alama hiyo haviruhusiwi kutengenezwa.

Hapa Kenya, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inahitaji leseni au kibali kwa anayetengeneza, kuhifadhi, kuuza au kutumia vilipuzi, hata vya kupasulia mawe machimboni.

Kumbuka, alama hiyo hunuswa na mbwa. Jicho lako haliioni. Ukiona kifurushi cha kutiliwa shaka, usikiguse. Ondoka, waonye wengine, kisha piga simu 999 au 112, au mjulishe chifu wako.