Kwa nini ampisilini hufika wodini ikiwa unga?

Angalia meza ya dawa kwenye wodi yoyote ya watoto, iwe Musoma mjini, Bunda au Butiama. Metronidazoli, ambayo wengi tunaiita flajili, imekaa kwenye chupa ya mililita 100 ikiwa maji tayari. Kazi ni kuitundika tu. Jentamaisini nayo ni maji ndani ya kichupa kidogo. Lakini ampisilini na seftriaksoni ni unga. Nesi anaongeza maji safi ya sindano, anatikisa, anapiga hesabu, anavuta kwa bomba, ndipo anamchoma mtoto.

Sasa kama flajili inaweza kuja tayari, hizi nyingine zimeshindwa nini? Jibu liko kwenye kitu kilekile kinachozifanya ziue bakteria.

Ampisilini, penisilini na seftriaksoni zina pete ndogo iitwayo beta-laktamu. Ina atomi nne tu: tatu za kaboni na moja ya naitrojeni. Atomi hizo kwa kawaida hupenda kuachana kwa pembe ya nyuzi 109 hadi 120, lakini kwenye pete hii zimebanwa hadi karibu nyuzi 90. Ni kama upinde uliovutwa, unasubiri kuachiwa. Dawa ikimfikia bakteria, kimeng'enya chake cha kujengea ukuta huishika pete hiyo, pete inafunguka, na kimeng'enya kinanasa pale pale. Ukuta haujengeki tena na bakteria anapasuka.

Shida ni kwamba maji nayo yanaweza kuifungua. Pete iliyofunguliwa na maji haiui chochote. Kwa hiyo ukishachanganya unga na maji, saa imeanza kuhesabu. Maelekezo ya ampisilini ya sindano yanataka itumike ndani ya saa moja. Seftriaksoni ni mvumilivu zaidi: ikichanganywa kwa miligramu 100 kwa kila mililita, hudumu kama siku 2 kwenye nyuzi joto 25, na siku 10 kwenye friji.

Ampisilini ina kisa cha ziada. Molekuli zake zina kundi la amino ambalo huishambulia pete ya molekuli jirani. Yaani dawa inajila yenyewe! Kadiri unavyoichanganya ikiwa nzito, ndivyo inavyoharibika upesi. Ukiichanganya na glukosi, kasi inaongezeka, na watoto wachanga wagonjwa mara nyingi wako kwenye dripu ya glukosi. Tena usiitie kwenye bomba moja na jentamaisini, ingawa mtoto anahitaji zote mbili, kwa sababu penisilini huidhoofisha jentamaisini zikikaa pamoja. Kwa macho huoni kitu. Maji yanabaki safi kabisa.

Halafu kuna joto. Kanuni ya haraka ya wanakemia inasema kila joto likipanda nyuzi 10, mwitikio huenda mara mbili hadi tatu zaidi. Ndiyo maana majaribio ya ubora wa dawa za kuuzwa Ulaya hufanywa kwenye nyuzi 25, na za nchi za joto kama yetu kwenye nyuzi 30. Kwa dawa nyingi, ikishuka chini ya asilimia 90 ya kiasi kilichoandikwa, muda wake umekwisha. Chumba chenye bati na dirisha moja, mchana wa Musoma, hakijui habari za nyuzi 25.

Kuna pia suala la kuua vijidudu kiwandani. Flajili haina pete hiyo, kwa hiyo chupa iliyojaa inaweza kuchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15, ikatoka salama. Ukiifanyia hivyo ampisilini iliyoyeyushwa, unabaki na maji yasiyo na dawa. Inabidi kuchuja kwa chujio lenye matundu ya mikromita 0.22 na kujaza kwenye chumba kisicho na vijidudu, kazi ya gharama kubwa.

Wenzetu wa nchi tajiri wamezunguka tatizo hili kwa njia kadhaa. Moja ni kuigandisha: mfuko uliochanganywa tayari unahifadhiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, unayeyushwa siku ya kutumia. Nzuri, ila umeme ukikatika usiku mmoja hesabu yote imeharibika. Nyingine ni kuongeza kemikali za kulinda dawa. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha vankomaisini iliyo tayari, ambayo ndani yake kuna vilinzi viwili, lakini vilinzi hivyo vikaleta onyo kali: isitumike kwa mjamzito wa miezi ya mwanzo kama kuna chaguo jingine. Yaani dawa ikapata utulivu, tahadhari ikahamia kwa mama.

Njia ninayoipenda mimi ni mfuko wa vyumba viwili. Upande mmoja una unga, mwingine maji, katikati kizuizi. Unabana kwa mkono, kizuizi kinaachia, unatikisa, unatundika. Unga unabaki mkavu hadi dakika ya mwisho, na hakuna sindano inayoingia kichupani ikiwa na uchafu wa meza.

Kwa nini tujisumbue na haya yote? Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002, kwa watoto 1,828 waliolazwa, ulionyesha kwamba waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi kwenye damu walifariki kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya wenye malaria, asilimia 20.2. Usugu wa dawa ulikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dozi kamili, na anaihitaji mapema.

Na dozi kamili ni rahisi kuikosa. Tuchukue mchanga wa kilo 3. Kwa miligramu 50 kwa kilo, anahitaji miligramu 150 za ampisilini. Kichupa kina miligramu 500. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema weka mililita 2.1 za maji upate mililita 2.5, kwa sababu unga wenyewe unachukua nafasi ya mililita 0.4. Hapo mililita 0.75 ndiyo dozi. Lakini nesi aliyechoka, mwenye wagonjwa thelathini, akiweka mililita 2.5 kamili, anapata mililita 2.9. Akivuta 0.75 ileile, mtoto amepata kama miligramu 129. Asilimia 14 imepotea, na hakuna atakayejua.

Hata jentamaisini inayokuja "tayari" haiko tayari kwa huyu mtoto. Kichupa cha kawaida kina miligramu 80 kwa mililita 2. Dozi yake ya miligramu 15 ni chini ya mililita 0.4, hivyo inabidi kuipunguza makali kwanza ili ipimike vizuri.

Hapo ndipo mifuko mizuri ya vyumba viwili nayo inakwama. Seftriaksoni ya namna hiyo ilitengenezwa kwa gramu 1 na gramu 2, saizi ya mtu mzima. Na inabeba maji: mifuko 100 ya mililita 100 ina uzito wa zaidi ya kilo 10, wakati ampisilini ya vichupa 100 ni gramu 50 za dawa yenyewe. Kwa mzigo unaopanda boti kwenda kisiwa cha Rukuba, tofauti hiyo inaonekana. Kinachokosekana ni mfuko mdogo wa vyumba viwili, wenye miligramu 150 za unga na maji machache, unaovumilia nyuzi 30 bila friji. Kikemia hakuna kinachouzuia; unga mkavu tayari unavumilia. Kinachosubiriwa ni mtengenezaji atakayeona kwamba mgonjwa wa kilo 3 naye ni soko.