Kwa Nini Jarida la Tiba Hutoweka Maktabani?

Mwezi Aprili 2015, gazeti la New York Times lilichapisha makala ya Mganga Mkuu wa Liberia, Dkt. Bernice Dahn, na wenzake wawili. Walieleza kuwa mwaka 1982 watafiti kutoka Ulaya walikuwa wamekwisha kuandika katika jarida moja la huko kwamba Liberia inapaswa kuhesabiwa miongoni mwa maeneo yenye virusi vya Ebola. Onyo hilo halikuwafikia waliolihitaji. Waandishi hao waliongeza kuwa kupakua makala moja tu ya aina hiyo kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, takribani nusu ya mshahara wake wa wiki.

Tukio hilo linaonesha kuwa malipo ya majarida si suala la wakutubi peke yao. Mtumishi wa afya anayekuta jarida alilolizoea limefungwa hujiuliza kwa nini maktaba hailinunui tu. Jibu linaanzia kwenye neno hilo hilo, kununua.

Kukodi, si kununua

Kitabu kikishanunuliwa hubaki rafuni. Majarida ya karatasi nayo yalikuwa hivyo: matoleo ya mwaka yalikusanywa, yakajalidiwa, yakawa mali ya maktaba hata kama malipo ya mwaka uliofuata yalikosekana. Jarida la kielektroniki halina desturi hiyo. Kwa kawaida maktaba hulipia leseni ya muda, mara nyingi mwaka mmoja, ya kusoma yaliyomo kwenye hifadhi ya mchapishaji. Malipo yakikoma, lango hufungwa. Na kama mkataba haukutaja haki ya kudumu, hata matoleo ya miaka iliyokwisha lipiwa huweza kufungwa. Hali hii haina tofauti kubwa na ya king'amuzi cha televisheni: muda wa kifurushi ukiisha, skrini huwa nyeusi.

Mfano wa king'amuzi unafaa kwa jambo la pili pia. Wachapishaji wakubwa huuza majarida kwa vifurushi, na maktaba inayohitaji majarida 30 hujikuta ikilipia mamia. Kuyachukua 30 hayo moja moja huweza kugharimu karibu sawa na kifurushi kizima. Ugumu huo hauzihusu nchi maskini pekee. Mwezi Aprili 2012, baraza la ushauri la wahadhiri kuhusu maktaba katika Chuo Kikuu cha Harvard lilitangaza kuwa malipo ya majarida ya wachapishaji fulani yalikuwa yakikaribia dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea.

Kalenda mbili na sarafu mbili

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza Julai, ilhali leseni nyingi za majarida huanza Januari. Bajeti huandaliwa miezi mingi kabla ya bei za mwaka mpya kujulikana. Aidha, bajeti ni ya shilingi na ankara ni ya dola. Shilingi ikishuka thamani, fedha ile ile hununua majarida machache zaidi bila mtu yeyote kuamua kupunguza.

Ili kuepuka kufuatilia makumi ya ankara, maktaba nyingi hutumia wakala anayekusanya malipo na kuyapeleka kwa wachapishaji. Njia hii hupunguza kazi, lakini haikosi hatari. Mwaka 2014 kampuni kongwe ya uwakala ya Swets, ya Uholanzi, ilifilisika, na maktaba zilizokuwa zimelipa mapema zikabaki zikidai.

Namna uamuzi wa kukata unavyofanyika

Fedha zisipotosha, mkutubi huchukua bei ya jarida na kuigawanya kwa idadi ya mara lilipofunguliwa. Tuchukue mfano wa kubuni: jarida la dola 6,000 lililofunguliwa mara 1,200 hugharimu dola 5 kwa kila usomaji, la dola 3,000 lililofunguliwa mara 20 hugharimu dola 150. Hesabu yaelekea kusema la pili likatwe. Hata hivyo, huenda hilo ndilo pekee linaloeleza upasuaji wa saratani fulani za watoto, na usomaji wake 20 umebadili matibabu ya wagonjwa wachache wasio na njia nyingine.

Hesabu hiyo ina kasoro nyingine. Daktari mmoja akipakua makala na kuwatumia wenzake 15 kwa simu, mfumo huandika usomaji mmoja tu. Jarida linalotegemewa na idara nzima huonekana halina wasomaji, kisha hukatwa.

Msaada na mipaka yake

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari, ambao leo ni sehemu ya Research4Life. Kupitia mpango huo, taasisi za nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwamo, husoma maelfu ya majarida bila malipo. Hata hivyo, anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Hospitali isiyosajiliwa, au ambayo nywila yake imesahaulika droni, haifaidiki. Isitoshe, fadhila haina uhakika wa haki. Mwanzoni mwa mwaka 2011 baadhi ya wachapishaji waliondoa majarida yao kwa wasomaji wa Bangladesh, wakayarudisha baada ya malalamiko makubwa.

Yanayoweza kufanyika sasa

Mtumishi wa afya anayekuta makala imefungwa asilipe kutoka mfukoni kabla ya kumwuliza mkutubi. Yamkini taasisi ina njia nyingine, au nakala ya bure ipo PubMed Central, au mwandishi ataituma akiandikiwa barua pepe. Anayetaka kumsaidia mwenzake amtumie kiungo cha maktaba badala ya nakala, ili usomaji uhesabiwe. Maktaba inapouliza ni majarida gani yabaki, idara zijibu, zikitaja wagonjwa wanaohusika. Takwimu peke yake haiwezi kuwasemea.

Muhimu kuliko yote, ikisiri inayosomwa bure si makala kamili. Mara nyingi haielezi kwa ukamilifu ni wagonjwa gani walioachwa nje ya utafiti wala madhara yote yaliyoonekana. Dozi isibadilishwe kwa kuitegemea hiyo tu. Mgonjwa naye aliyesoma ikisiri ya dawa mpya asiache dawa zake. Aipeleke kliniki na kuomba makala nzima itafutwe. Ombi hilo ni halali, na mkutubi wa tiba yupo kwa ajili yake.