Mkaratusi Usiusogeze Karibu na Mahindi

Ndugu mkulima wa Tabora, wewe unayelima tumbaku ya mvuke unajua bani linavyokula kuni. Umepanda mikaratusi ili miombo yetu ipumue. Vizuri sana! Lakini je, umeipanda wapi? Kama ni mpakani mwa mahindi, angalia mistari ya karibu: imedumaa.

Utasema mkaratusi unakunywa maji mno. Kweli, unakunywa. Ila kuna na la pili. Majani yake yana mafuta na sumu za asili. Yakianguka na kunyeshewa, sumu hiyo huingia udongoni ikazuia mbegu za mimea mingine kuota vyema. (Usichanganye na miembe mikubwa ya njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji. Pale chini ni patupu zaidi kwa sababu ya kivuli.)

Huamini? Twanga majani mabichi, loweka usiku kucha, chuja. Panda mchicha katika makopo mawili yenye udongo ule ule. Moja mwagilia maji hayo, la pili maji matupu. Baada ya wiki moja hesabu miche.

Basi mikaratusi ipewe eneo lake, mbali na chakula, na majani yake usiyatandaze bustanini.